Masomo Yaliyobaki Jikoni

Nilikuwa Igunga, nimeketi kwenye benchi la mama ntilie karibu na stendi nikisubiri basi la kurudi Tabora, sahani ya wali mbele yangu, simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa dada mkubwa wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Itetemia, mtu ambaye nyinyi wasomaji wa safu hii mmekutana naye humu mara nyingi bila jina, maana kila nilipohitaji mbishi wa kuandika habari zake nilimwandika yeye. Dada huyo hakunisalimu. Alisema, "Mtani, mtani wako katutoka," nami nikaweka kijiko chini, na yule mama wa chakula akaniuliza kama wali una mchanga. Inna lillahi. Presha, wakasema baadaye. Alitoka darasani mchana akiwa mzima, akaenda kuketi kivulini nje ya ofisi ya walimu, hakuinuka tena. Ule wali sikuumaliza. Njia nzima ya kupitia Nzega nilikuwa nimekasirika kama mtu aliyeibiwa, na hasira yenyewe haijaniisha mpaka leo, kwa hiyo nikiandika kwa ukali mnisamehe.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Kwa vijana wanaodhani utani ni vichekesho vya kutumiana kwenye simu, niwakumbushe kidogo. Mababu wa huku walikuwa wakishusha mizigo ya pembe hadi pwani kwa miguu, na njia yao ilipita milangoni kwetu. Walioumwa njiani waliuguzwa kwetu, waliokufa walizikwa na sisi, na humo katika kuuguzana na kuzikana ndimo utani ulimozaliwa. Ndivyo wazee walivyotusimulia. Mpaka leo mtani ana kazi yake msibani: wenzake wakilia yeye huchekesha, huzuia jeneza mlangoni, hunyang'anya mali ya marehemu mpaka akombolewe, na husema yale ambayo ndugu wanayaogopa. Kwa hiyo mimi na mwalimu hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye adabu zao. Nikimwambia "mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, kwa ulimi wangu wa Kizaramo, hujibu, "Ondoka hapa, mvivu wa madafu we, lugha za watu zitakukaba koo." Nami humuuliza kama leo amekula chakula cha binadamu au ni yale matobolwa yake, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikasahau kuwa ni viazi. Mke wangu alikuwa akiona haya kutembea nasi sokoni.

Siku ya mazishi, kwaya ya kanisa lao ilipomaliza kuimba na vijana wakaja kubeba jeneza, nikasimama mlangoni na mfuniko wa sufuria nimeushika kama kioo cha kompyuta. Nikapandisha miwani kwenye paji la uso, nikaanza kuitafuta kila mahali, mifukoni, chini ya viti, kama alivyokuwa akifanya yeye kila siku ya Mungu. Kisha nikawageukia watoto wa shule waliopangwa mstari na sare zao, nikafoka kwa sauti yake: "Mmenawa? Kompyuta haili uchafu!" Alikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa darasa lake la kompyuta, na mtoto asiyenawa hagusi kitu. Watoto wakaitikia kwa pamoja, wenyewe bila kufikiri, "Tumenawa, mwalimu!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Halafu mtoto mmoja akaanza kulia, na wote wakamfuata, na mimi mtani mzima nikashindwa kuendelea na mchezo. Katika mstari ule alikuwamo msichana wa darasa la saba, mtoto mwenye ualbino, kofia pana kichwani na mikono mirefu ya shati hadi viganjani. Huyo hakucheka wala hakulia. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu ilikotoka, akawa kama anasubiri niseme na lililobaki. Ni kwa ajili yake nimeamua kuandika, nisiishie kwenye mazishi.

Shule yao sitaitaja, kwa sababu ziko nyingi za namna hiyo na sitaki moja ibebe aibu ya zote. Miaka kadhaa iliyopita ililetewa kompyuta na wafadhili. Tulikula pilau siku hiyo. Mgeni rasmi alikata utepe, akasema watoto wa Tabora sasa wako sawa na watoto wa popote duniani, na mimi mwenyewe nikaiandika habari hiyo kwa mbwembwe zote. Zilikuwa mashine zilizotumika huko zilikotoka mpaka zikachoka. Vumbi letu la kiangazi mnalijua, na umeme wetu mnaujua: ukikatika, hurudi kwa ghadhabu. Moja ikazimika, nyingine ikatoa moshi, ya tatu ikawa inawaka lakini haisemi kitu. Aliyetoa kompyuta hakutoa fundi, na aliyepokea hakuuliza. Mwisho zikafunikwa vitambaa vya kufuma, vile vya sebuleni, na chumba kikaendelea kuitwa chumba cha kompyuta katika kila taarifa iliyopanda kwenda ngazi za juu.

Mtani wangu ndiye aliyepangiwa kufundisha somo hilo, na kwa muda mrefu alilifundisha kwa mdomo, kama mtu anayewasimulia watoto habari za nchi aliyowahi kupita. Halafu akachoka. Alikuwa na shamba la mpunga la urithi kule Igunga. Alipovuna mwaka ule akauza, akanunua laptop yake mwenyewe. Nilimsimanga kweli kweli. Mke wake alikwishatangulia mbele za haki, watoto hawakujaliwa, nyumba ilikuwa inavuja, na yeye ananunua kioo cha kuchezea. "Mtu mzima na akili zako unaacha kuezeka?" nikamuuliza. Akaniambia, "Mvua yenyewe inanyesha miezi mingapi? Nyinyi wa pwani mngenunua ngoma." Basi kila asubuhi akawa anaendesha baiskeli yake na ile laptop mgongoni, imefungwa kwenye khanga ya marehemu mkewe isiingie vumbi.

Yule msichana, mwalimu alimkuta akiwa darasa la nne. Mama yake alikuwa akimsindikiza shuleni na kumfuata kila siku, na wasomaji wa ukanda huu hamhitaji kuambiwa kwa nini. Macho yake hayavumilii mwanga na hayafiki mbali. Ubaoni alikuwa haoni kitu ila weusi wenyewe, hata akikalishwa dawati la mbele. Kitabu aliweza kukisoma akikigusisha na pua, mstari mmoja, miwili, kisha macho yanachoka na kutoa machozi. Kwa hiyo alijifunza kwa masikio. Mwalimu akisema, anashika. Mwalimu akiandika ubaoni na kunyamaza, amepitwa. Wenzake walimwona mzito, na walimu wengine, tusifichane, walimwona mzigo. Mtani wangu siku moja akamketisha mbele ya laptop, akageuza kioo kiwe cheusi na maandishi yawe meupe, akaikuza herufi moja ikawa kubwa kama kiganja. Mtoto akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe hii ndiyo yenyewe?" Mtani wangu alinisimulia jambo hili barazani kwangu, na ulikuwa wakati pekee katika miaka yote ya kujuana kwetu aliposhindwa kumalizia maneno yake kwa tusi.

Kuanzia hapo akawa kama aliyepagawa. Akachapa masomo yote ya darasa la tano, la sita na la saba kwa maandishi hayo makubwa, moja moja, na kila somo akalisoma kwa sauti yake mwenyewe likaingia ndani ya mashine, mtoto aweze kusoma na kusikia kwa pamoja. Hakuwa mtu wa kunakili tu. Somo la wadudu lilianza na nyuki wa mzinga uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Somo la udongo lilianza na ule ufinyanzi wa vyungu aliokulia nao kijijini. Alikuwa akirekodi darasani jioni watoto wakishaondoka, na kwa kuwa reli iko karibu, katikati ya somo la mzunguko wa maji honi inalia, naye unamsikia anasema kwa utulivu kabisa, "Ngojeni treni ipite kwanza." Inapita yote, behewa kwa behewa. Halafu anaendelea. Nilimwambia akate kipande hicho. Akanitazama kwa huruma. "Nikate treni, Tabora? Una akili wewe?"

Haikuchukua muda watoto wengine wakaanza kujipenyeza nao kusikiliza, hata wale wenye macho mazima. Walimu wa shule za jirani wakasikia, wakaja kuomba nakala. Afisa elimu wa kata akaja mwenyewe. Wote aliwajibu jibu moja: "Bado kiko jikoni. Chakula kibichi kinaharibu matumbo ya watoto. Subirini kiive." Akisikiliza somo lake la mwezi uliopita anakuta amekosea kitu, anarudia lote upya. Masomo ya hisabati yalimtoa jasho, maana namba ni ngumu kuzisimulia. Nilimwambia, kwa lugha yetu ya utani, kwamba amekuwa mchoyo kama ukoo wake wote, na kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo kuliko hicho kibichi chake. Akasema haraka haraka haina baraka. Tukacheka, tukanywa chai. Aliahidi kuyagawa baada ya likizo ya Juni, kwa sinia, kila shule ichote inavyotaka. Alikufa Mei.

Siku ya kuanua matanga ilipofika nikaenda mapema. Dada yake ndiye aliyesimamia kila kitu, mwanamke mwenye mikono isiyotulia, na siku zote za msiba sikumwona ameketi. Kwa desturi ya wengi wetu huku, nguo za marehemu hufuliwa kabla ya kugawiwa, ili anayepewa asivae jasho la maiti na marehemu naye aende zake akiwa hana linalomrudisha. Dada alikuwa amefua kila kitu: mashati, suti ya kanisani, hata koti la mvua. Baiskeli ilikuwa imeoshwa mpaka kwenye spoku. Vitu vikatandazwa mkekani, na vikaanza kugawiwa kwa wajomba, shangazi na wapwa. Mwisho ikatolewa laptop, kwenye khanga ile ile, khanga inanukia sabuni. Ilikuwa apewe mpwa wa marehemu aliyeko chuoni, na kwa haki kabisa, kijana ana masomo yake na hana kifaa.

Hapo ndipo nikaruka. Mtani nina ruhusa yangu, na sikuwahi kuitumia kwa moyo kama siku ile. Nikaikwapua laptop, nikaikumbatia, nikapiga kelele uani: "Hii haiendi popote! Huyu Mnyamwezi wenu amekula nazi zetu toka enzi za misafara, leo nimepata rehani!" Watu wakacheka. Shangazi mmoja akanikimbiza na mwiko. Nikawaambia sitaki kukombolewa kwa kuku wala kwa mbuzi. Ninachotaka ni laptop ikae shuleni mpaka yule mtoto amalize mtihani wa Septemba, ndipo mpwa aichukue. Baba yao mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akajikohoza. "Mtani hanyimwi," akasema. "Mwacheni achukue." Mpwa naye, kijana wa watu, akasema, "Sawa mzee, nitasubiri." Niliondoka pale nimeinua kichwa. Nilijiona nimefanya utani bora kuliko wote niliopata kufanya maishani.

Jumatatu nikaipeleka shuleni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyechoka, alikuwa ameandaa meza mahali penye kivuli. Msichana alikuja na mama yake. Kabla hajaambiwa lolote alikwenda kwenye ile ndoo ya mlangoni, ambayo hakuna aliyekuwa ameiondoa, akanawa mikono vizuri, akajifuta kwenye sketi, akaja kuketi. Mwalimu mkuu akabonyeza. Ikawaka. Ikatokea picha ya vilima vya kijani vya nchi nisiyoijua, na juu ya vilima hapakuwa na kitu. Mwalimu mkuu akatafuta huku, akatafuta kule, akafungua kila kilichofunguka. Ndani ya khanga mlikuwa na flash ya marehemu, ile aliyokuwa akihifadhia masomo. Tukaichomeka. Nayo tupu. Mtoto alikuwa amesogeza uso mpaka karibu aguse kioo, anapepesa macho kwa ule mwanga. "Mwalimu," akasema, "herufi zimekwenda wapi?" Mama yake akamshika bega.

Nikazunguka mjini nikiwauliza mafundi kama kuna aliyeishika laptop ile, na aliyeishika nilimpata karibu na soko, kijana mwenye kibanda cha simu, mchangamfu. Aliikumbuka vizuri. "Mama mmoja aliileta, akaniambia ni ya marehemu, niisafishe yote na hiyo flash yake," akasema. "Nikamuuliza, mama, kuna cha kubakiza? Akasema, mwanangu, isibaki hata alama. Nikaipiga chini, nikafuta vyote vya zamani, nikaweka kila kitu kipya. Kazi safi hiyo, mzee." Alikuwa anajivunia, na kwa nini asijivunie? Nilipomweleza kilichokuwemo, uso ukamshuka. Aliihangaikia siku kadhaa, akatafuta na wenzake wa mjini wanaojua zaidi. Alichofanikiwa kurudisha ni majina ya masomo. Mzunguko wa Maji. Wadudu. Udongo Wetu. Ukigusa jina, ndani hamna kitu. Tulikaa mbele ya yale majina kwa muda mrefu, yeye na mimi, kama watu walioingia makaburini.

Sikutaka kumwambia dada wa marehemu. Nilijisemea, amefiwa inatosha. Lakini aliniita mwenyewe aniulize kama watoto wamefurahi, na mimi uso wangu haujui kudanganya ila kwenye utani. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza, akaendelea kuchambua, akatoa jiwe moja, akalitupa. "Mtani," akasema, "ningempaje mtoto wa watu kitu chenye jasho la marehemu? Shati nimelifua. Viatu nimevifuta. Hiyo nayo nikaona sijui kuifua, nikaipeleka kwa anayejua." Nikamwambia hakuna anayemlaumu. Akauliza, "Alikuwa anaongea humo? Sauti yake mwenyewe?" Nikasema ndiyo, dada, sauti yake. Akauweka ungo chini. "Mbona hakuna aliyeniambia kwamba yumo?" akasema. "Nimemuuguza tumbo toka mdogo, nimemwosha akiwa maiti, na mpaka sauti yake nimeifua kwa mkono wangu. Mbona hamkuniambia?" Nilikaa naye mpaka maharage yakatelekwa, hatukutaniana hata neno moja.

Ndugu zangu, nimejaribu kumtafuta wa kumchukia katika jambo hili na sijampata, na hicho ndicho kinachonikera. Dada alitimiza wajibu wa upendo kama alivyofundishwa na waliomzaa. Fundi alifanya alichoombwa, na aliuliza kwanza. Kilichotokea kimetokea kwa sababu sisi tunaosema tunapeleka kompyuta shuleni tunapeleka masanduku. Tunapiga picha na masanduku, tunayahesabu, tunayafunika vitambaa. Hatuulizi nani ataweka nini ndani, akishaweka kitakaa wapi, na nani mwingine atajua kwamba kimo. Mzazi wa Itetemia huitwa shuleni mtoto akitoroka au michango ikikwama. Hajawahi kuitwa akakalishwa kwenye kiti, akaambiwa, njoo usikie kilichomo humu, hii ni sauti ya ndugu yako na hili ni somo la mwanao. Angeitwa siku moja tu dada yule, angeilinda laptop ile kuliko suti. Kwake ilikuwa chuma chenye vumbi la marehemu, na chuma chenye vumbi hufutwa.

Na mtani wangu naye sitamwacha, maana kufa hakumwondoi mtu kwenye utani. Alikuwa na haya ya mpishi. Aliogopa kuonwa na chakula ambacho hakijakolea chumvi. Sote tunawajua watu wa namna yake: fundi wa ngoma asiyefundisha mpaka amekufa nayo, mganga wa mizizi anayesubiri mjukuu akue, mwalimu anayerekebisha mpaka kengele imemkuta. Masomo yale yangekuwa kwenye shule tano yakiwa na makosa yake, leo yangekuwapo, na makosa yangesahihishwa na walio hai. Afisa elimu wa kata ameniambia anatafuta mwingine wa kuifanya kazi ile. Nimemwuliza amefikia wapi. Akaangalia pembeni.

Wiki iliyopita nilipita shuleni. Mtihani uko karibu. Nimeambiwa watoto wenye uoni hafifu kama yule msichana huchapiwa karatasi ya mtihani kwa maandishi makubwa, na ni jambo jema. Lakini siku moja ya kuulizwa kwa herufi kubwa haiwezi kufidia miezi ya kusomeshwa kwa herufi ndogo. Nilimkuta ameketi chini ya ukuta wa darasa, kofia imemfunika, wenzake kama kumi wamemzunguka. Nikadhani wanacheza. Nikasogea. Alikuwa anafundisha. Alikuwa anasema somo la mzunguko wa maji, neno kwa neno, kwa kituo kile kile, kwa kikohozi kile kile cha mtani wangu, maana miaka yote ile ya kutoona ubao ilimzoesha kushika yanayosemwa. "Maji yakipata joto," akasema, "hupanda yakiwa mvuke, kama yale ya chungu cha bibi yako." Halafu akainua mkono. "Ngojeni treni ipite kwanza." Akanyamaza. Watoto nao wakanyamaza. Relini hapakuwa na treni yoyote, lakini walingoja wote, behewa kwa behewa, mpaka aliposhusha mkono akaendelea.

Nilitoa simu yangu nikarekodi, simu yenyewe mbovu, upepo unavuma, jogoo anawika. Nikamuuliza anayajua mangapi. Akasema anayajua yote aliyosomewa, ila ya mwisho ya hisabati hakusomewa, yalikuwa bado jikoni. Nilichorekodi sikukisikiliza mara ya pili wala sikukata kitu. Nilikituma pale pale, nimesimama juani, kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu, kwa mpwa aliyeko chuoni, kwa yule fundi, na kwa dada wa marehemu. Dada alinipigia jioni. Hakusema ni nani. Nilisikia tu mtu anavuta pumzi. Kisha akasema, "Mtani, huyo mtoto ana kikohozi cha mdogo wangu," na akakata simu.

Kwa hiyo leo sina la kuwapa ila hili, wala si geni. Kama kuna kitu unakijua, mpe mtu mwingine wiki hii, hata kama chumvi haijakolea, na uwaambie wa nyumbani kwako kiko wapi. Ukishakufa watakufanyia mema yote wanayoyajua. Watakuosha, watakufulia, watagawana mashati yako kwa haki. Sauti yako hawataigawana, kwa sababu hawatajua kwamba iliachwa.